Lipu ya bwawa: bei nafuu imetuponza, na Aprili si mwezi wake

Kila mwaka Aprili inapokaribia, wageni hupungua katika hoteli na nyumba za kulala wageni za pwani na Zanzibar, na wenye mali huona kuwa wakati wa matengenezo umewadia. Paa huzibwa, kuta hupakwa rangi, na bwawa la kuogelea hukaushwa ili lipigwe lipu upya. Safu hii inawashauri wawekezaji wadogo, hasa walioingia katika biashara hii kwa kuchangiana mitaji, kuutazama upya utaratibu huo. Fedha nyingi hupotea hapo, na hupotea kwa sababu mbili: lipu mpya hupigwa juu ya lipu iliyokwisha kufa, na kazi hufanywa katika mwezi usiofaa.

Tuanze na hesabu. Chukua bwawa la kawaida la nyumba ya wageni, urefu mita 10, upana mita 5, kina cha wastani mita 1.5. Sakafu ni mita za mraba 50 na kuta ni 45, jumla 95. Lipu ya bwawa kwa kawaida ni saruji nyeupe na vumbi la marumaru, unene wa milimita 10 hadi 12. Ukiibandua yote unapata kifusi cha zaidi ya tani 2, na kila kilo yake imeng'olewa kwa tindo au nyundo ya umeme, ikapandishwa kwa ndoo kutoka shimoni, ikapakiwa kwenye gari. Kazi hiyo haionekani bwawa likishajaa maji. Ndiyo maana fundi anayetaka kushinda zabuni kwa bei ya chini huanza kwa kuiondoa katika makadirio yake.

Mwandishi wa safu hii anayasema haya akiwa ameumia. Tulikuwa wabia watano katika nyumba ndogo ya wageni ufukweni. Tulipata makadirio mawili, la pili likikaribia maradufu ya la kwanza, na kama wafanyabiashara wazuri tukachukua la kwanza. Hakuna aliyeuliza kwa nini yanatofautiana. Fundi aliosha kwa asidi, akapiga lipu juu ya ile ya zamani, na katikati ya masika bwawa likang'aa kama sahani. Kufikia Krismasi sakafu ilikuwa na malengelenge, na kingo za vipande vilivyobanduka zilikuwa zikiwakata wageni miguu. Tukalipa mara ya pili, safari hii tukibandua tabaka mbili badala ya moja.

Kupiga lipu juu ya lipu si kosa kila mara. Kama tabaka lililopo ni moja tu, limeshika zege barabara, na fundi amelikwaruza na kupaka kigundishi, kazi inaweza kudumu. Lakini lazima kwanza akate lipu ya zamani chini ya mstari wa vigae na kuzunguka midomo ya mabomba na taa, ili ile mpya ipate pa kuketi bila kuvimba juu ya vifaa. Kujua hali yake ni rahisi: gonga kwa nyundo ndogo. Palipo pazima hutoa mlio mkavu, mgumu. Palipoachana na zege hulia kama debe. Paliacho kama debe patoke, na kama ni sehemu kubwa, au tabaka ni mbili, yote itoke hadi kwenye zege. Anayetaka kununua nyumba yenye bwawa aombe maji yapunguzwe nusu mita, agonge kuta mwenyewe, kisha ndipo azungumze bei.

Sasa tuje kwenye Aprili. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na maji ya chini ya ardhi hupanda, hasa kwenye viwanja vya ufukweni. Yakipanda mita 1 juu ya kiwango cha sakafu ya bwawa, yanaisukuma kwenda juu kwa nguvu ya tani 1 kwa kila mita ya mraba. Sakafu yetu ya mita 50 inasukumwa kwa tani 50, sawa na mzigo wa malori matano ya tani kumi. Bwawa lililojaa lina tani 75 za maji za kuikandamiza. Bwawa tupu halina kitu isipokuwa uzito wa zege lake, na linaweza kupasuka au kuinuka lote kutoka ardhini kama mtumbwi. Hata lisipoinuka, maji hupenya kwenye nyufa na kuisukuma lipu mbichi kabla haijakomaa. Nadhani malengelenge yetu yalianzia hapo. Valvu ya kupunguza shinikizo sakafuni husaidia, ila mabwawa mengi ya zamani hayana, au inayo iliyoziba.

Wasomaji watasema Juni na Julai wageni wameanza kurudi. Ni kweli, na wiki mbili au tatu bila bwawa zina gharama. Lakini gharama hiyo inahesabika, unaweza kuiandika kwenye daftari leo. Ya zege lililopasuka haihesabiki.

Katika mkataba yaandikwe pia mambo yanayosahaulika. Mchanga usiwe wa baharini, kwa kuwa una chumvi. Vibarua wapewe barakoa na lipu imwagiwe maji wakati wa kubandua, maana vumbi la zege na mchanga lina silika na huharibu mapafu. Fundi wa bei ya chini huokoa hapo pia. Bwawa lijazwe mfululizo bila kusimama, la sivyo hubaki mstari ukutani. Kwa anayenunua maji, hiyo ni maboza manane ya lita 10,000 kasoro nusu, na yawe yamepangwa kabla fundi hajamaliza. Siku za mwanzo lisuguliwe kwa brashi kila siku, na chumvi ya mtambo wa klorini isiwekwe hadi siku 28 zipite. Visima vya kwenye mwamba wa matumbawe vina maji magumu yenye kuacha ukoko, hivyo maji yapimwe mara kwa mara.

Bwawa letu linahitaji lipu tena mwakani. Wabia wanne tumekubaliana tufunge wiki mbili za mwanzo wa Juni. Wa tano bado anataka Aprili, na ana fundi wake mwenye bei nzuri sana.