Ng'oeni msizi, lakini vigogo wakae mbali

Ukishuka basi Mombo, inua macho. Huku chini joto na mkonge. Kule juu misitu ya Usambara. Ni kisiwa kisicho na bahari, chenye vipepeo na panzi wasiopatikana popote duniani.

Kisiwa kimevamiwa. Upande wa mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, ipo Amani, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902. Hapo ulipandwa msizi, mti wa Bukoba na Uganda. Miaka ya 1970 na 1980 magogo yakavunwa kwa mashine, kwa msaada wa Finland. Msizi ukapata mwanya, hondohondo wakasambaza mbegu. Majani yake huoza upesi. Mdudu wa asili anakosa pa kujificha.

Uondolewe! Lakini tusidanganyane: ukifyekwa wote kwa mkupuo, jua linaingia na msizi unaota upya. Uondolewe kidogo kidogo, miti ya asili ikipandwa, na kazi wapewe vijana wa vijijini kwa ujira halali. Kibali kikiangukia kwa kigogo mwenye msumeno, ndugu zangu, ataanza na msizi na kumalizia na msitu.