Tusiwaachie Majini Ndugu Zetu Waliorudi Vitani

Ndugu Waislamu, kila ifikapo tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Silaha za jadi na mashada ya maua huwekwa kwenye mnara, viongozi wa dini huomba dua, kisha watu hutawanyika. Wanaokumbukwa siku ile, kwa sehemu kubwa, ni waliokufa. Ama sisi tunapenda kuwazungumzia waliorudi hai, wanaoswali nasi safu moja na ambao ni nadra mtu kuwauliza wanalalaje usiku.

Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala. Pamoja na wanajeshi wa kudumu walikwenda maelfu ya mgambo, watu wa jembe na wavu, ambao baada ya vita walivua sare wakarudi kwenye jembe na wavu. Aliyekuwa na miaka 20 siku zile, leo anakaribia 70. Wala mambo hayakuishia hapo. Vijana wa zama hizi wamepelekwa kulinda amani Darfur, ambako Watanzania 7 waliuawa tarehe 13 Julai 2013, na mashariki ya Kongo, ambako kambi ya Semuliki ilishambuliwa tarehe 7 Desemba 2017 wakauawa wenzao wasiopungua 14. Kila aliyezikwa alikuwa na wenzake waliomwona akifa, nao hao wamerejea kwa wake zao na mama zao.

Tumchukue mmoja wa watu hao, kisha tumtazame katika kijiji chochote cha Mafia. Barazani haketi. Msikitini hupenda safu ya nyuma, karibu na mlango, na imamu akitoa salamu yeye huwa keshatoka. Zile siku za uvuvi wa baruti, mlio mmoja kutoka baharini ulitosha kumlaza chini mbele ya watu, na watoto wakamcheka. Usiku hupiga kelele. Mkewe amehamia chumba cha watoto kwa kuogopa kupigwa na mtu aliye usingizini. Harusi haendi, na maziko, ambayo kwetu ni aibu kuyakosa, nayo anayakwepa. Majirani wamekwishamhukumu: huyu ana kiburi. Wengine wanasema ana jini alilolibeba Uganda, na ndugu zake wamekwisha uza mbuzi wawili kulipia ngoma ya mashetani.

Maradhi haya yana jina. Waganga wa Marekani waliyaingiza rasmi katika kitabu chao cha maradhi ya akili mwaka 1980, baada ya kuwaona askari waliotoka Vietnam. Yaani mwaka mmoja tu baada ya majeshi yetu kuingia Kampala. Kwa Kiswahili tunaweza kuyaita maradhi ya kiwewe. Akili iliyofunzwa na vita kwamba kila mlio ni mauti haiachi funzo hilo kwa sababu tu mwenyewe amepanda jahazi akarudi nyumbani. Mtu huyu si mwendawazimu, na imani yake haina upungufu kwa hilo.

Wala wanazuoni wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akazitenga ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi kila moja na mlango wake, akaeleza kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua na hutibiwa. Inasikitisha kuwa Waislamu waliorithi kitabu cha namna hiyo, zaidi ya karne kumi baadaye, wanamtibu mgonjwa wa nafsi kwa ngoma.

Tiba yenyewe ni mazungumzo, lakini mazungumzo yenye utaratibu. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi ya Uganda, wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali waliokuwa na kiwewe walihudumiwa na wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo, wasio madaktari. Kwa njia mojawapo iliyotumika, mgonjwa huyasimulia maisha yake kwa mpangilio tangu kuzaliwa, mazuri na mabaya, na msikilizaji huandika, kisha humsomea kikao kinachofuata. Lile tukio la kutisha likapata mahali na tarehe yake, likaacha kuvamia kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: baada ya vikao sita tu, takribani watu saba katika kila kumi hawakuonekana tena kuwa na maradhi hayo, hali ya kuwa kwa wale waliofuatiliwa bila tiba walikuwa chini ya wanne. Kabla ya hapo, mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai, watu wenye huzuni nzito walikutanishwa kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakazungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao, nao walipata nafuu kubwa. Wanaume walikaa peke yao na wanawake peke yao, jambo ambalo hata wazee wetu wakali hawatalipinga.

Tunawajua ndugu watakaosema: Qur'ani inatosha, asomewe. Nasi tunasema asomewe, na msomaji asichukue ujira wa kumfilisi. Lakini aliyevunjika mguu humsomea dua na kumpeleka hospitali, na hatujasikia mtu akiona ukinzani baina ya mawili hayo. Kwa nini aliyevunjika usingizi anyimwe la pili? Wapo pia wenye nia njema watakaomkalisha mzee wa watu barazani na kumwambia, "Haya, tusimulie ya Kampala." Hilo nalo ni kosa. Kumlazimisha mtu kufunua jeraha mbele ya wasiojua kulifunga humdhuru, na kazi ya mwenye mafunzo hatuna ruhusa ya kuifanya kwa udadisi.

Lililo katika uwezo wetu ni jepesi zaidi. Imamu anaweza kumtembelea nyumbani bila kumuuliza vita. Mkewe apate wanawake wa kumsikiliza, kwa kuwa anabeba maradhi yasiyokuwa yake, na tukisuluhisha ndoa kama hiyo kwa kumwambia "subiri" pekee tumemdhulumu. Mwenye dalili tulizozitaja apelekwe kwanza hospitali ya wilaya Kilindoni, na ikibidi avushwe hadi Nyamisati na kuendelea Muhimbili. Nauli ya boti na malazi ya mtu mmoja na msindikizaji wake si mzigo kwa msikiti wenye safu tano. Kamati zetu za misikiti zilitenge fungu hilo kabla ya Julai ijayo.