Mtaji Ulitoka Wapi? Swali Linalokosekana Kwenye Simulizi za Matajiri

Anayetaka kuanzisha tovuti ya kusimulia wafanyabiashara waliofanikiwa hakosi pa kuanzia. Watu wa kusimuliwa tunao, simu janja zimejaa mikononi mwa vijana, na msomaji wa Kiswahili ana kiu ya habari za namna hiyo. Akiona kichwa cha habari kwamba fulani aliuza karanga stendi na leo anamiliki malori, atafungua asome. Kwa hiyo sibishani na wanaozianzisha. Ninachotaka tukipime ni kile wanachomwachia msomaji akishamaliza kusoma, hasa yule mwenye akiba ndogo anayefikiria kuitoa kwenye kikoba akafungulie biashara.

Simulizi nyingi zina umbo moja. Mtu kazaliwa kwenye shida, kaacha shule, kaanza na mtaji wa elfu chache, kadharauliwa, hakukata tamaa, Mungu kamjalia. Kati ya ule mtaji wa kwanza na kiwanda cha leo pana pengo kubwa, na pengo hilo hujazwa kwa maneno matatu: bidii, nidhamu, uthubutu. Sina ugomvi na bidii. Lakini mama anayeamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi Mbagala ana bidii, jirani yake wa meza ya pili naye anayo, na miaka inapita wote wawili wakiwa kwenye meza zile zile. Aliyevuka alivushwa na mambo mengine pia, na hayo ndiyo msomaji anayoyahitaji.

Mchukue Said Salim Bakhresa. Karibu kila Mtanzania amesikia kwamba aliacha shule angali kijana, akajishughulisha na viatu, kisha akaingia kwenye biashara ya chakula. Sehemu hiyo inapendeza kuisimulia, nasi tumeisimulia vya kutosha. Yenye mafunzo mengi zaidi ni ya mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokichukua kinu cha Mzizima kutoka Shirika la Taifa la Usagishaji, wakati serikali inaanza kujitoa kwenye biashara ambazo kwa miaka mingi ilizishika yenyewe. Kijana anayetaka kusaga unga leo angefaidika kujua kinu kile kilipatikana kwa bei gani, kwa fedha za nani, na ngano ya kwanza ilinunuliwaje.

Kwa Mohammed Dewji jambo ni hilo hilo, na limeandikwa wazi. Kampuni ya MeTL ilitokana na biashara aliyoianzisha baba yake katika miaka ya 1970. Kijana alisoma Chuo Kikuu cha Georgetown, akarudi, na kampuni ikakua kwa kununua viwanda vya umma katika zama za ubinafsishaji. Haipunguzi uwezo wake kusema hivyo. Wapo walionunua viwanda kama hivyo wakaishia kuvigeuza maghala, na tofauti kati ya hao na yeye ni somo zito. Lakini somo hilo halionekani mpaka useme kwanza kwamba palikuwa na familia yenye biashara, palikuwa na sera ya serikali, na palikuwa na miaka michache ambayo mlango ulikuwa wazi.

Hata marehemu Reginald Mengi, ambaye kisa chake cha kuunga kalamu nyumbani kinapendwa sana kwenye semina, alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza na mmoja wa wakuu wa kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu. Alipoanza kuunga kalamu alikuwa na taaluma na kazi yake. Ukimpa kijana asiye na mshahara kisa cha kalamu peke yake, umempa nusu ya habari, tena nusu iliyo rahisi. Kule Kenya, Njenga Karume, aliyeanza na mkaa, alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 2009, na msomaji makini anaona humo jinsi biashara na siasa za zama za Jomo Kenyatta zilivyopakana.

Nadhani tuna sababu ya kihistoria ya kusifu kupita kiasi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mfanyabiashara alikuwa mtu wa kutiliwa shaka, na wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya 1983 mwenye duka aliyekutwa na sabuni stoo alijikuta mikononi mwa dola. Milango ilipofunguliwa, na Azimio la Zanzibar la 1991 likawaruhusu viongozi kuwa na hisa na nyumba za kupangisha, lugha ilibadilika upesi mno. Tajiri akawa kielelezo. Mwandishi wa leo anayempamba mfanyabiashara ana haki ya kuhisi kwamba anamlipa heshima aliyonyimwa baba yake. Ila si wale waliomwita mlanguzi, wala sisi tunaomwita shujaa, aliyekaa naye chini kuuliza hesabu zake.

Madhara ya kutouliza tumeyaona. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilitokana na duka la magodoro la Nakuru ikawa fahari ya ukanda mzima. Ilifikisha matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na mwaka 2014 iliingia Dar es Salaam na Arusha kwa kuchukua maduka ya Shoprite. Miaka ile ilisifiwa kila mahali kama mfano wa duka la kifamilia lililokua. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu, na Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifungwe. Waliopeleka unga, maziwa na mboga wakabaki na ankara za mabilioni ya shilingi za Kenya, wengine wakiwa ni biashara ndogo zilizojivunia kupata mteja mkubwa namna ile. Swali moja lingetosha kumshtua msomaji mapema: wanaokuletea bidhaa unawalipa baada ya siku ngapi? Mwenye duka anayefungua matawi mapya huku msambazaji wake anasubiri malipo miezi mitatu anakua kwa fedha za watu, na mhariri anayejua biashara angelitambua hilo kabla ya kuandika neno la sifa.

Tovuti hizi zina kazi nyingine ambayo haziifanyi: kuwasimulia waliofunga. Takwimu za serikali ya Kenya za mwaka 2016 zilionyesha kwamba biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 2.2 zilifungwa ndani ya miaka mitano. Wenye biashara hizo hawana mwandishi. Ukisoma waliofanikiwa peke yao unaweza kuamini kwamba kilichowafanikisha ni kuthubutu, kumbe waliofunga nao walithubutu vile vile.

Je, basi simulizi hizi hazina faida? Zinayo, na ipo hata ya kuthibitishwa kwa utafiti. Tanguy Bernard, Stefan Dercon na wenzao walikwenda vijijini Ethiopia, eneo la Doba, wakawaonyesha watu filamu fupi za wenzao wa hali kama yao waliojikwamua kwa kilimo au biashara ndogo. Miezi sita baadaye walioziona walikuwa wameongeza akiba kidogo, na watoto wengi zaidi walipelekwa shule. Waliosimuliwa hawakuwa mabilionea. Walikuwa watu ambao mtazamaji angeweza kukutana nao gulioni, na walieleza hatua kwa hatua walivyofanya. Ndiyo maana nasema tovuti ya namna hii ni kazi ya maana, na kwamba inapotea njia inapokimbilia majina makubwa.

Hapo nakutana na pingamizi zito kuliko yote: ni mfanyabiashara gani wa Tanzania atakayefungua daftari lake hadharani? Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kodi na bughudha, mpaka Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza. Mtu wa namna hiyo hawezi kukutajia mauzo ya mwezi wakati anajua afisa wa mamlaka ya kodi, TRA, naye anasoma. Hofu yake naielewa na siidharau. Lakini si lazima ataje jumla. Anaweza kueleza kwa mafungu: katika kila elfu kumi inayoingia, ngapi inarudi kwenye mzigo, ngapi ni pango, ngapi ni nauli, ngapi inaliwa nyumbani. Anaweza kusema alikaa miezi mingapi bila faida, nani alimkopesha kwanza, na kama mtaji ulikuwa pesa ya mchezo kutoka kwa kijumbe, kiinua mgongo cha baba, au ule mkopo wa kausha damu ambao hakuthubutu kuuchukua tena.

Niliwahi kuonyeshwa daftari la mama mmoja mwenye genge. Ni daftari la shule lililofungwa kwa mpira. Kurasa za kushoto ni mzigo: matenga ya nyanya, viroba vya vitunguu, nauli ya bajaji, ushuru. Za kulia ni wadaiwa, wameandikwa kwa majina ya mtaani: Baba Fundi, Dada wa Saluni, Mama wa Ghorofani. Aliyelipa amekatwa kwa mstari mwekundu. Mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka, ukurasa mzima unageuka mwekundu. Katikati ya mwezi mstari ni mmoja mmoja. Mtu akinisimulia genge bila kunieleza mama huyu ananunuaje nyanya kati ya tarehe 15 na 25, hajanieleza genge.

Kwingineko uwazi huu umeshajaribiwa. Mwaka 2016 Courtland Allen alianzisha Marekani tovuti ya Indie Hackers, ambamo wenye biashara ndogo za mtandaoni walitaja mapato yao ya mwezi na kueleza yalikotoka. Watu waliipenda kwa sababu hiyo hasa, na mwaka uliofuata ilinunuliwa na kampuni ya Stripe.

Linabaki suala la nani anailipia kazi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 ziliweka leseni ya maudhui ya mtandaoni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, na hata baada ya ada kupunguzwa, kijana mwenye tovuti changa anaanza akiwa na deni. Ni rahisi kupokea bahasha ya anayesimuliwa. Makala iliyolipiwa na mhusika ni tangazo, na iandikwe juu kabisa kwamba ni tangazo. Kuna hatari kubwa zaidi, ile ya anayetumia sifa za tovuti kuuza kiingilio cha semina. Mwandishi amuulize bila kumung'unya maneno: kipato chako kinatoka kwenye ufugaji wa kuku unaotuhubiria, au kwa wanaolipa kuja kukusikiliza? Walioweka fedha zao DECI, upatu ulioporomoka mwaka 2009, wanajua sifa isiyoulizwa inagharimu kiasi gani.

Mhariri anayeanza leo ningemshauri awaache mabilionea wasubiri. Amtafute kwanza mmoja wa wale waliokuwa wakiipelekea Nakumatt mboga au mayai, aliyepoteza deni lake lote na bado yuko sokoni. Amuulize alimlipa nani kwanza, alimwomba nani amvumilie, aliuza nini, na mteja mkubwa akija leo na mkataba wa malipo ya siku 90 anamjibu nini.