Mchezo wa Vita vya Anga Ungefaa Darasani

Wapo walimu ambao wakimwona mwanafunzi akicheza mchezo wa kompyuta huona muda unaopotea tu, na mara nyingi hawakosei. Lakini uko mchezo mmoja wa zamani ambao ningependa kuuona darasani katika sekondari za Zagayu, kule Simiyu, hata pale ambapo kompyuta haijafika. Mchezo huo ni Star Trek, uliotokana na tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa Marekani kati ya mwaka 1966 na 1969.

Aliyeutunga mwaka 1971, Mike Mayfield, alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari huko California. Aliuandika kwa lugha ya BASIC katika kompyuta ya chuo kikuu. Mwaka 1973 David Ahl aliichapa programu hiyo kitabuni, na tangu hapo kila aliyeweza kuifikia kompyuta aliweza kuinakili mstari kwa mstari, kuisoma na kuibadili apendavyo. Sisi huku Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Uhaba wa fedha za kigeni ulikuwa wa kweli, nami sioni busara ya kuwacheka viongozi wa wakati ule. Hata hivyo, kizazi kizima kilipitwa na umri ule ambao kijana hujifunza kwa kuchokoachokoa. Marufuku ile iliondoka zamani. Kinachonitia hofu sasa ni kwamba tunamfundisha mwanafunzi kubonyeza vitufe vya programu za wengine, kisha tunasema amesoma kompyuta.

Mchezo wenyewe hauhitaji picha. Hapo awali majibu ya kompyuta yalichapwa karatasini kwa herufi na tarakimu tu. Anga imegawanywa katika maeneo 64, yaani 8 kwa 8, na kila eneo lina miraba 64. (Mcheza bao atatabasamu: kete zake nazo ni 64.) Chombo cha mchezaji huanza na nguvu 3,000 na makombora 10, na siku za kuimaliza kazi zimehesabiwa. Habari za kila eneo hubebwa na namba moja ya tarakimu tatu: mamia ni maadui, makumi ni vituo vya kujazia nguvu, mamoja ni nyota. Basi eneo lenye 215 lina maadui 2, kituo 1 na nyota 5. Ni somo zuri lililoje la thamani ya nafasi!

Sasa tupigane kidogo. Chombo chetu kiko safu ya 2, mstari wa 3. Adui yuko safu ya 5, mstari wa 7. Tofauti ni 3 na 4, na kwa nadharia ya Pythagoras umbali ni 5. Tukirusha mionzi yenye nguvu 500, kanuni ya mchezo hugawanya nguvu hiyo kwa umbali, tukapata 100, kisha huzidisha kwa namba ya bahati iliyo kati ya 2 na 3. Namba hiyo yaweza kupatikana kofiani: vipande 10 vya karatasi vyenye tarakimu 0 hadi 9, na aliyeokota 4 azidishe kwa 2.4. Pigo letu ni 240. Adui mwenye nguvu 200 ameangamia.

Lakini je, kanuni hiyo ni ya kweli? Hapa mwalimu wa fizikia asikubali kupita haraka. Mwanga wa taa, umbali ukiongezeka mara 2, ukali wake hubaki robo. Tukifuata sheria hiyo hatuna budi kugawanya kwa 25, si kwa 5. Pigo linakuwa 48 tu, na adui anatucheka. Atakayejibu kwamba mionzi ya leza haisambai upesi kama mwanga wa taa atakuwa ameleta hoja nzuri, na mjadala huo una faida kuliko kukariri kanuni ubaoni.

Watasema kwamba tunawafundisha vijana vita. Basi wabadilishe, maana programu iliyo wazi hubadilika. Adui na awe kundi la kweleakwelea juu ya mashamba ya mtama, chombo kiwe ndege ya kunyunyizia dawa, vituo viwe viwanja vyenye mafuta, na siku ziwe zile zilizobaki kabla ya mavuno. Hapo kazi ngumu itaanza: dawa haisafiri kama mionzi, upepo huihamisha, na wanafunzi watalazimika kutunga kanuni yao wenyewe.