Je, Mashine ya Kukimbilia Nyumbani Ina Thamani ya Bei Yake?

Naomba nafasi katika jarida la Chama chetu cha Kiswahili nitoe maoni yangu kuhusu kitu kimoja kilichoingia nyumbani kwetu mwaka huu kwa vifijo, kikatoka kimyakimya. Kitu chenyewe ni mashine ya kukimbilia, ile wengine huiita tredimili, tena ile ya kukunjwa. Mama ameniruhusu kuisimulia habari hii, mradi nisitie chumvi.

Kwanza wacha niwaeleze wale ambao hawajaiona. Ni mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na mota ya stima. Wewe unapanda juu, unashika vishikio, unabonyeza kidude, mkanda unaanza kurudi nyuma, nawe unatembea au unakimbia papo hapo ulipo. Unaenda na hufiki. Ukimaliza, unainua ule ubao, unaukunja kama meza ya hoteli, unausukuma pembeni. Ndivyo muuzaji alivyotuambia.

Basi ilikuwaje? Mwezi wa Januari Mama alienda zahanati kwa sababu ya kichwa kumuuma. Alipopimwa, presha yake ilikuwa 168 kwa 102. Mama ni fundi wa kushona nguo hapa Nakuru. Anaketi kwenye cherehani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mguu unakanyaga, lakini mwili umekaa. Daktari alimpa dawa, akamwambia apunguze chumvi na atembee nusu saa kila siku.

Babangu aliposikia hayo hakulala. Nyanya, yaani mamake Baba, alifariki kwa kiharusi mimi nikiwa darasa la nne, na Baba hajasahau. Siku tisa baadaye akaja na pikapu. Ndani mlikuwa na sanduku kubwa. "Mama watoto," akasema, "hutakuwa na kisingizio." Bei ilikuwa shilingi 52,000. Nyingine alizitoa kwenye akiba ya tangi la maji, nyingine akakopa kazini.

Wenzangu, msimcheke babangu. Mtu akiogopa kumpoteza mkewe hahesabu pesa. Lakini sasa hofu imepungua, na mimi nataka tuhesabu.

Mjomba alipoiona alicheka mpaka akakohoa. "Mkenya anunue mashine ya kukimbilia? Si hii ndiyo nchi ya Kipchoge Keino?" Hilo silikubali. Keino alishinda mbio za mita 1,500 kule Mexico mwaka wa 1968, tunamshukuru, lakini ushindi wake haukushusha presha ya mtu yeyote mtaani kwetu. Kuwa Mkenya si mazoezi. Wengi wetu ni watu wa matatu, bodaboda na viti.

Wengine husema ati mashine hii ni ya anasa, iliundwa kwa ajili ya matajiri. Hilo nalo si kweli, na nilipolitafuta nilishangaa. Mwaka wa 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt aliunda gurudumu la kukanyagwa na wafungwa. Walipanda vidato visivyokwisha kwa saa nyingi kila siku, pengine wakisaga nafaka, pengine wakisukuma hewa tu bila faida. Sheria ya magereza ya Uingereza ya mwaka wa 1898 ndiyo iliyoanza kuwaondolea adhabu hiyo. Kisha mwaka wa 1952, katika Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, Robert Bruce na Wayne Quinton waliunda mashine ya mota ili kupima mioyo ya wagonjwa. Mwaka wa 1968 Daktari Kenneth Cooper akaandika kitabu cha kuwahimiza watu wafanye mazoezi, na mhandisi William Staub alipokisoma akatengeneza mashine ya watu wa kawaida kuwa nayo nyumbani. Kwa hivyo kitu hiki kimekuwa adhabu, kikawa kipimo, kikawa bidhaa. Chenyewe si kibaya wala si kizuri. Swali ni kama kinalipa.

Mimi napenda Hisabati. Tangu siku ya kwanza niliweka alama kwenye daftari kila Mama alipopanda. Februari alipanda siku 19. Machi siku 11. Aprili siku 6. Mei siku 3. Juni siku 1. Julai, sifuri. Jumla ni mara 40. Gawanya 52,000 kwa 40, utapata 1,300. Yaani kila nusu saa ya Mama kutembea sebuleni ilitugharimu shilingi 1,300! Kwa pesa hizo mtu angepanda matatu kutoka Nakuru hadi Nairobi na chai akanywa.

Lakini tuwe wa haki. Kama angepanda siku tano kila wiki kwa miaka miwili, hizo zingekuwa mara 520, na kila mara ingegharimu shilingi 100 tu. Mashine ni ileile, bei ni ileile. Kumbe bei ya kweli haiandikwi dukani. Inaandikwa na miguu ya mwenye mashine.

Sasa kwa nini Mama aliacha? Jirani mmoja alisema ni uvivu. Mtu anayeshona sare thelathini kabla ya shule kufunguliwa ni mvivu? La hasha! Sababu niliziona kwa macho yangu.

Sababu ya kwanza ni lile neno "kukunja". Mashine yetu ilikuwa na uzito wa kilo 46. Kweli inakunjwa, lakini kuikunja na kuisukuma kunahitaji watu wawili. Sebule yetu ni ndogo. Ikifunguliwa, hakuna kupita kwenda jikoni. Mchana Mama yuko peke yake, na jioni tukiwa wote, wageni wanabisha hodi. Nani atatoa jasho mbele ya wageni?

Sababu ya pili ni matunzo. Mwezi wa tatu mkanda ulianza kulia kama panya. Fundi akasema inafaa upakwe mafuta ya silikoni kila baada ya muda, tena si mafuta yoyote tu. Muuzaji hakuwa ametuambia. Alituambia habari za mota yenye nguvu nyingi za farasi, lakini fundi akatuonyesha kwamba nguvu iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ile ya kilele, ya sekunde chache. Nguvu ya kufanya kazi mfululizo ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo, nayo ilikuwa chini sana. Mwanafunzi wa Fizikia, kumbuka nguvu moja ya farasi ni kama wati 746. Soma herufi ndogo.

Stima haikuwa sababu, ingawa wengi hudhani ndiyo. Mashine ikila wati 600 kwa nusu saa, hiyo ni uniti 0.3 tu. Tatizo ni stima kupotea saa ile ile Mama amevaa raba.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Upweke. Mbele ya mashine palikuwa na ukuta, na kwenye ukuta kalenda ya mwaka jana. Mama aliniambia siku moja, "Mwanangu, nikiwa hapo juu naona dakika zikitembea polepole kuliko mimi."

Kufikia Mei vishikio vilikuwa na kazi mpya. Vilianikwa sare zilizopigwa pasi.

Halafu likatokea jambo la Juni. Nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana na michango mingine. Deni lilikuwa shilingi 6,500. Nilikaa nyumbani siku tisa. Nilikaa sebuleni na kitabu changu cha Kemia, nikiitazama ile mashine ya 52,000 iliyobeba sare za watoto wengine waliokuwa darasani. Sitaki kusema nililia. Nitasema tu kwamba sikusoma sana.

Siku ya kumi Mama alisema twende tukaongee na Naibu wa Mwalimu Mkuu. Nauli hatukuwa nayo, basi tukatembea kilomita zote 3.5 ninazotembea kila siku. Mwanzoni Mama alihema. Pale kwenye mti wa mkuyu tulipumzika. Lakini njiani alisalimiana na watu! Huyu walisoma pamoja, yule ni mteja wa zamani, na mama mmoja akamwagiza sketi mbili papo hapo. Tulifika shuleni Mama akicheka. Naibu alikubali tulipe kidogo kidogo, nami nikaingia darasani kabla ya kipindi cha pili.

Jioni yake, nilipotoka shuleni, nilimkuta Mama amesimama pale pale kwenye mkuyu. Akasema, "Nimekuja kukuchukua, kwani kuna ubaya?" Tangu siku hiyo huja karibu kila jioni. Kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu saa. Mwezi wa Agosti presha yake ilikuwa 142 kwa 90. Daktari alisema ni dawa na kutembea, vyote viwili, na akamwonya asiache dawa hata siku moja. Nami naliandika hilo wazi ili mtu asiseme nimemwambia mgonjwa atupe vidonge vyake.

Sasa nitoe hukumu yangu. Kwa nyumba kama yetu, mashine hii haina thamani ya bei yake. Kwa nini? Kwa sababu tulinunua mashine tukadhani tumenunua mazoezi. Mazoezi hayauzwi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kijana wa rika letu wastani wa dakika 60 kwa siku. Hakuna mahali liliposema lazima dakika hizo zipatikane juu ya mkanda wa mpira. Kutembea kwa kasi kunatosha kabisa.

Hata hivyo, sitaki kuwa kama yule aliyeumwa na nyoka akaogopa ung'ongo. Mwezi wa Septemba tuliiuza mashine kwa shilingi 28,000. Aliyeinunua ni muuguzi wa mtaani kwetu anayefanya kazi za usiku. Hulala mchana, huamka magharibi, na wakati huo barabara yetu haina taa wala njia ya waendao kwa miguu, na bodaboda hupita kama mishale. Aliiweka kwenye chumba kitupu na haikunji kamwe. Nikipita dirishani kwake naisikia ikinguruma karibu kila siku. Kwake yeye ina thamani, tena kubwa, hasa kwa vile ameinunua kwa karibu nusu ya bei! Sisi tulipata hasara ya shilingi 24,000, lakini deni la shule liliisha na tangi limeanza kuwekewa akiba upya.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa mzazi wako au wewe mwenyewe kesho utataka kuinunua, nakushauri hivi. Kwanza tembea kwa miguu yako siku thelathini, bure. Ukiweza, huhitaji mashine. Ukishindwa, jiulize kilichokushinda. Kama ni giza, mvua, hatari ya barabarani au mtoto mchanga asiyeachika nyumbani, mashine inaweza kukusaidia. Lakini kama kilichokushinda ni uchovu wa moyo au upweke, mashine haitakuponya. Itakuongezea ukuta mwingine wa kutazama. Tafuta mtu wa kutembea naye.

Na ukiamua kununua, panda juu yake dukani, usiangalie picha tu. Uliza inabeba mtu wa kilo ngapi. Pima sebule yako kabla hujatoa pesa. Ikunje wewe mwenyewe, peke yako, muuzaji akikutazama. Uliza vipuri na mafuta vitatoka wapi. Kisha uliza mtaani kama kuna aliyechoka na yake. Yuko, nakuhakikishia, na sare zimeanikwa juu yake.

Baba alisoma maoni haya kabla sijayaleta kwa Mhariri. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hesabu yako ni sawa, lakini hujaweka usingizi niliopata usiku ule wa kwanza." Sikuwa na jibu. Labda Hisabati haifiki huko. Lakini nilimwambia Jumamosi aje naye mpaka kwenye mkuyu, naye akaja, ingawa alilalamika viatu vyake njia nzima.

Nimesema yangu. Mwenye maoni tofauti, kalamu na karatasi viko, na toleo lijalo linakungoja.

Mwanafunzi wa kutwa, Kidato cha Tatu