Toa wufa kwenye kona kabla ya kurudi Luthuli

Tuambiane ukweli, wasee. Wengi wetu wufa zetu si ndogo. Tumeziweka vibaya tu.

Nilipoacha chuo na kushika pesa yangu ya kwanza, sikununua kitanda. Nilienda Luthuli Avenue nikachukua wufa na spika zake mbili, nikaipakata ndani ya matatu kama mtoto. Dukani ilinipiga hadi kifuani. Kwa keja, niliisukuma kwenye kona, spika zikapanda juu ya kabati, sauti hadi mwisho. Ikawa ngurumo tu, maneno ya wimbo husikii. Siku ya tatu keateka akabisha: mama wa chumba cha pili ana mtoto mchanga, na vikombe vyake vinatetemeka.

Niliwaka. Si nalipa kodi kama yeye? Nikaenda kwake shingo upande, ngoma bado inacheza kwangu. Woi! Besi yote ilikuwa kwake. Mimi nilikuwa nimebakiwa na kelele.

Chumba cha futi 10 kwa 10 ni adui wa besi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo noti nzito ya mitetemo 57 hivi kwa sekunde ina wimbi la mita 6, mara mbili ya upana wa chumba. Inagonga ukuta, inarudi, inajirundika. Na kwa sababu urefu ni sawa na upana, noti ileile inavimba pande zote mbili. Kona huichochea zaidi. Ndiyo maana noti moja inavuma na zingine humezwa.

Sasa fanya hivi, hata kama utachekwa. Weka wufa pale unapokaa, hata kama ni juu ya kitanda. Cheza ngoma unayoijua vizuri, kisha tambaa kando ya ukuta, sikio chini. Ukifika mahali besi inasikika safi, wufa ikae hapo. Kwangu ilikuwa pale pa viatu, karibu na mlango.

Spika nazo zishuke hadi usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, zikutazame. Nafasi kati yazo ilingane na umbali wa kila moja hadi kwako. Zangu zimekalia kreti za soda.

Na tafadhali, wacheni kubandika trei za mayai ukutani. Haziwezi kuzuia besi. Pazia zito litapunguza mwangwi wa sauti nyembamba, lakini besi inapita tu.

Siku hizi sauti naiweka nusu na maneno nayasikia yote. Mama jirani alinisalimia Jumapili. Kuna noti moja bado inavuma nikisimama jikoni, yaani hatua mbili kutoka kitandani. Hiyo sijaipatia dawa.