Maziwa haisafishi mapafu

Katika shantie za zahabu za Ituri, neno moja linasikika kila siku: ukitoka shimoni, kunywa maziwa, vumbi itatoka kifuani. Wamama wanaotwanga mawe wanaambiwa vilevile. Tunaheshimu wazee wetu, lakini juu ya neno hili tunapaswa kusema wazi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini haifiki ku mapafu hata kidogo.

Kooni kuko njia mbili. Moja inapeleka chakula na kinywaji tumboni. Ingine inapeleka hewa mapafuni, na iko na kifuniko kinachofunga kila mara tunapomeza. Tone moja la maji likikosea njia, mutu anakohoa mpaka machozi. Maziwa unayokunywa inaenda tumboni; vumbi inabaki kule ilikoingia.

Na inaingia namna gani? Chini ya mapafu kuko musuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ukishuka, na mbavu zikifunguka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Mutu mzima akiwa amekaa kimya, anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, karibu nusu lita kila mara. Lakini anayepiga nyundo anapumua mbio na kwa nguvu, tena kwa mdomo. Anaacha pua, ambayo ndiyo chujio ya kwanza.

Vumbi kubwa inakamatwa njiani na makohozi, inapandishwa na kutemwa. Ile ndogo, ambayo jicho haioni, inashuka mpaka mwisho, ndani ya vifuko vidogo sana ambamo hewa inakutana na damu. Vifuko hivi ni zaidi ya milioni 300. Walinzi wa mwili wanajaribu kumeza vumbi hii, lakini vumbi ya jiwe inawaua. Mahali pale panabaki kovu. Kovu juu ya kovu, pafu linakuwa gumu kama ngozi iliyokauka, halipanuki tena. Ugonjwa huu unaitwa silikozi, na hakuna dawa inayoondoa makovu yake.

Jiwe jeupe la filon, lenye linabeba zahabu yetu tangu wageni walipoiona huku Kilo mwaka 1903, ni kwarzi, na ndani ya kwarzi ndimo sumu hii inamotoka. Kwa hiyo anayeosha mchanga mutoni hayuko katika hatari sawa na yule anayevunja filon, anayesimama kando ya mashini ya kusaga, ao mama anayetwanga mawe kavu na mutoto mugongoni. Mutoto yule anapumua vumbi ileile.

Ubaya ni kwamba silikozi haina haraka. Mara nyingi inaonekana kisha miaka 10 na zaidi. Vumbi ikiwa nyingi sana, inaweza kuja mbele ya miaka 5. Baba aliyekuwa anabeba mufuko wa mawe mlimani anaanza kupumzika njiani mara tatu. Jamaa wanasema amerogwa. Jirani anashitakiwa, mbuzi inauzwa, na mugonjwa anazidi kukonda. Ndugu zetu, huyu hakurogwa. Ni kazi iliyomfanya hivi.

Kuko hatari ya pili: pafu lenye vumbi ya jiwe linakamatwa upesi na kifua kikuu. Magonjwa haya mawili yanaweza kufanana ku radio. Basi mutu akikohoa zaidi ya wiki mbili, asinunue vidonge sokoni. Aende kituo cha afya, wapime makohozi yake, na aseme: mimi ni mchimbaji. Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu ni za bure. Kwa kawaida zinamezwa miezi 6, na kuziacha katikati ni kujitafutia ugonjwa ulio muzito zaidi.

Kwa mwenye pafu limekwisha kupata makovu, kuko wanganga wa mazoezi, wenye tunaita makine. Wanamfundisha kuvuta hewa kwa puani, kisha kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza chai ya moto; wanamfundisha pia kutembea bila kukata pumzi. Hii haiondoi makovu, lakini inamsaidia kuishi na nguvu iliyobaki. Na kila sigara anayoacha inamsaidia vilevile.

Lakini dawa ya kweli iko mbele ya ugonjwa, na haina bei kubwa: ni maji. Jiwe lilowanishwe mbele ya kupigwa. Mashini isage na maji, tena iwekwe mbali na nyumba na mahali watoto wanachezea. Nguo za kazi zisiingie ndani ya nyumba zikiwa na vumbi. Kitambaa ku pua ni bora kuliko kukosa, lakini kinazuia vumbi kubwa tu. Ile inayoua inapita.

Hapa maneno yetu yanageukia wakubwa. Katika Afrika ya Kusini, mahakama ya Johannesburg ilikubali mwaka 2019 mapatano ambayo makampuni ya zahabu yatalipa wachimbaji wenye silikozi na kifua kikuu, pamoja na jamaa za waliokufa. Wale walikuwa na makampuni yenye majina. Mchimbaji wetu hana kontra; PDG wa leo kesho ameuza shimo, na sheria ya 2016 juu ya ulinzi wa wafanyakazi inampita kando, kwa sababu hakuna bwana-kazi wa kumwandikisha. Ndiyo maana tunaomba kooperative ziandike majina ya wanaofanya kazi ya jiwe na miaka yao kazini, SAEMAPE ikumbushe juu ya maji kila inapopita kwenye shantie, na wakubwa wa afya wa jimbo wapeleke upimaji wa kifua karibu na mashimo.

Na wewe PDG, unajua kuhesabu lita za mazuti ya mashini yako. Anza leo kuhesabu pia mabidoni ya maji. Vijana wanaokuletea zahabu wako na mapafu mawili tu, na hayauzwi sokoni.